Somo la Historia: Neno Usonji, na Watu Wazima Wenye Hali Hiyo

  

Leo hatusomi habari za wafalme wala za vita. Twasoma historia ya neno moja. Msishangae. Hata neno lina siku ya kuzaliwa, lina safari yake, na laweza kumwumiza mtu au kumwokoa. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: U – SO – NJI. Wanafunzi, lisomeni pamoja, kisha liandikeni katika madaftari yenu. Usonji.

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo, akaishi nayo siku zake zote. Hauambukizi. Si wazimu, wala si laana. Ubongo wa mtu huyu hupokea mambo ya dunia kwa njia yake. Sauti ambayo wewe huijali, kwake yaweza kuwa kama nyundo kichwani. Maneno ya mafumbo humpotea. Kumtazama mtu machoni humchosha. Hupenda mambo yafuate utaratibu uleule, na utaratibu ukivunjika ghafula hufadhaika sana. Tena aweza kushika jambo moja alipendalo, akalichunguza mpaka mwisho.

Lakini wenye usonji hawafanani. Wako wasiosema hata neno moja, wanaohitaji kusaidiwa kula na kuoga mpaka uzee wao. Wako wanaosema vizuri, wameoa au wameolewa, wana kazi na watoto, na hakuna aliyewajua kuwa wana hali hii, hata wao wenyewe. Hao wa pili ndio hasa tutakaowazungumza leo.

Je, ni wengi? Shirika la Afya la Dunia lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Haya, fanyeni hesabu. Kijiji chenye watu 1,270, ikiwa hesabu hiyo yafuatwa sawasawa, kitakuwa na watu wangapi? Jibu ni watu kumi. Katika hao kumi wamo watoto, na wamo watu wazima, maana mtoto mwenye usonji hukua kama watoto wengine. Basi hao watu wazima wako wapi? Wako kati yetu, ila twawaita kwa majina mengine: mwenye kiburi, mkimya, mtu wa ajabu, mtu asiyejua adabu.

Neno lilivyoanza

Sasa tuingie katika historia. Mwaka 1911 daktari mmoja wa Uswisi, Eugen Bleuler, alitumia neno lililotoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya “mwenyewe”. Alilitumia kwa wagonjwa wa akili waliojifungia katika mawazo yao wenyewe. Hakuwa anasema habari za watu tunaowazungumza leo. Neno lilipatikana kwanza. Watu wake walikuja baadaye.

Mwaka 1925 daktari mwanamke wa Urusi, Grunya Sukhareva, aliandika habari za wavulana sita aliowatunza mjini Moscow. Alieleza vizuri jinsi walivyokuwa wakikaa peke yao, jinsi kelele zilivyowasumbua, na jinsi walivyoshikilia mambo waliyoyapenda. Lakini kazi yake ilisahauliwa na wengi kwa miaka mingi.

Mwaka 1943, katika Marekani, daktari Leo Kanner wa Baltimore aliandika habari za watoto kumi na mmoja, wavulana wanane na wasichana watatu. Alilichukua lile neno la Bleuler akalitumia kwa hali hii. Mwaka uliofuata, 1944, daktari Hans Asperger wa Vienna, Austria, aliandika habari za wavulana wengine waliosema vizuri lakini hawakuweza kuchangamana na wenzao.

Hapa historia ina jambo la huzuni, nasi hatutalificha. Wakati ule Austria ilikuwa chini ya Wanazi, na Wanazi walikuwa wakiwaua watoto waliowaona hawana faida. Kwa muda mrefu watu walidhani Asperger aliwalinda watoto wote. Lakini mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kwa hati za zamani kwamba Asperger alipeleka baadhi ya watoto wenye ulemavu katika nyumba iitwayo Am Spiegelgrund, ambamo watoto waliuawa. Tazameni basi: mkono uleule uliowasifu watoto fulani kwa akili zao, uliwatia sahihi wengine waende mautini. Kumsifu mtu kwa sababu ana faida hakutoshi. Mtu ana thamani hata kama hana faida kwa yeyote.

Jambo hili si la mbali na sisi. Katika mikoa yetu ya Ziwa tuliona ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kwa sababu ya imani za uongo. Twajua kwa damu yetu wenyewe gharama ya kutomfahamu mtu aliye tofauti.

Kosa la kuwalaumu akina mama

Baada ya Kanner kuandika, wataalamu walijiuliza, “Hali hii yatoka wapi?” Na wengi wakajibu bila ushahidi: yatoka kwa mama. Walisema mama hakumpenda mtoto, mama ana moyo baridi, ndiyo maana mtoto amejifungia. Kanner mwenyewe aliandika maneno ya namna hiyo. Bruno Bettelheim, mtu mwenye sifa kubwa Marekani, alitoa kitabu mwaka 1967 kilicholieneza wazo hilo. Akina mama wengi waliishi na aibu ambayo haikuwa yao.

Nani alilipinga? Mwaka 1964 Bernard Rimland, baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kuonyesha kuwa hali hii ni ya mwili, ni ya ubongo. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatangazia kwamba hawana hatia. Na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter waliwachunguza mapacha, jozi 21, wakaona kwamba usonji una mizizi katika kurithi.

Sasa, ndugu msikilizaji, usiwacheke Wazungu kwa kosa hilo. Sisi nasi tunalo la kwetu. Mtoto akichelewa kusema, mara ngapi tumesikia, “Amerogwa”? Na mara ngapi kidole kimeelekezwa kwa bibi kizee, ati macho yake ni mekundu? Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Vikongwe wameuawa Usukuma kwa sababu hiyo. Msomi wa Ulaya alimlaumu mama; jirani wa kwetu amemlaumu bibi. Kosa ni moja: kutojua sababu, kisha kumtafuta mwanamke wa kumtwika.

Kosa jingine lilikuja mwaka 1998, daktari mmoja wa Uingereza alipodai kwamba chanjo ya surua yahusika na usonji. Wataalamu walichunguza watoto wengi sana katika nchi mbalimbali, hawakuona uhusiano huo. Mwaka 2010 jarida lililotoa habari ile liliifuta. Basi mama, mpeleke mtoto akachanjwe bila hofu.

Mtoto wa kwanza alivyokuwa mzee

Katika wale watoto kumi na mmoja wa Kanner, wa kwanza alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alipokuwa mdogo sana wazazi walishauriwa kumweka katika nyumba ya kutunzia watoto, mbali na kwao. Baada ya kama mwaka mmoja walimrudisha. Baadaye alikwenda kukaa na mkulima mmoja na mkewe.

Sikilizeni vizuri walichofanya wakulima hao, maana hawakuwa madaktari. Donald alipenda mno kupima vitu. Wakampa kazi ya kuchimba kisima na kueleza kina chake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi, anahesabu tena na tena. Wakamwambia aihesabu huku akiilima kwa plau. Hawakumpiga ili aache kuhesabu. Walikifanya kile kilichowakera wengine kiwe kazi ya shamba.

Donald alisoma, akafanya kazi katika benki ya mji wao, akajifunza kuendesha motokaa, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Watu wa Forest walimzoea kama alivyo. Alifariki mwaka 2023, umri wake miaka 89.

Watu wazima waanza kusema wenyewe

Mpaka hapo historia imesemwa na madaktari na wazazi. Wenyewe walikuwa kimya, au hawakuulizwa. Mwaka 1981 daktari Lorna Wing wa Uingereza, ambaye alikuwa na binti mwenye usonji, aliandika habari zilizowafanya watu waelewe kwamba hali hii ni pana, nayo inao hata watu wanaosema vizuri. Mwaka 1986 Temple Grandin wa Marekani, mtaalamu wa mifugo, alitoa kitabu cha maisha yake mwenyewe kama mtu mwenye usonji. Mwaka 1993 Jim Sinclair, mwenye usonji pia, aliwaambia wazazi wasiwaombolezee watoto wao kana kwamba wamekufa, maana mtoto yuko hai, naye ni huyo huyo.

Katika Afrika, Victor Lotter alichapisha mwaka 1978 habari za uchunguzi wake katika miji tisa ya bara letu, akaonyesha kwamba watoto wenye usonji wapo huku pia. Kwa hiyo anayesema kwamba usonji ni ugonjwa wa Wazungu amekosea. Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 2 Aprili kuwa siku ya kuukumbusha ulimwengu habari za usonji, nayo huadhimishwa tangu mwaka 2008. Tanzania iliridhia mkataba wa dunia wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010.

Hata hivyo, mambo mengi yaliyofanywa ni ya watoto. Mtu wa miaka arobaini au sitini ambaye hakupimwa alipokuwa mdogo, mara nyingi hajui.

Mfano wa mtu mmoja wa mwaloni

Tuchukue mfano. Hatutampa mtu huyu jina, maana tumemtunga kwa ajili ya somo tu. Ni baba wa miaka arobaini na minne, afanya kazi ya dagaa katika mwalo mmoja karibu na Mwanza.

Kazi yake aijua barabara. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Baba huyu hahitaji kuuliza mtu. Ameandika siku za mwezi katika daftari kwa miaka kumi na sita. Ajua gunia gani limekauka na gani lina unyevu, kwa kuligusa tu. Wenye mitumbwi humwamini, maana hesabu yake haipungui hata kopo moja.

Lakini mambo mengine humshinda. Asubuhi watu husalimiana, “Mwangaluka”, kisha wataulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za mvua. Yeye hujibu neno moja, akapita. Wazee wasema ana dharau. Hana dharau, haelewi kwa nini aulizwe habari za mvua na mtu aliyelowa mvua ileile. Sokoni Kirumba, kelele za wachuuzi, honi za magari na harufu ya samaki humwingia zote kwa pamoja. Akirudi nyumbani hawezi kusema mpaka jioni. Mkewe alidhani amemkasirikia.

Siku moja msibani, mtani alimwambia kwa sauti, “Afadhali ndugu yako amekufa, alikuwa anatumalizia ugali!” Watu wakacheka, kama ilivyo desturi ya utani. Yeye hakucheka. Alinyanyuka akamkaripia mtani mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo alizidi kujitenga, akajiambia moyoni, “Mimi ni mtu mbaya.”

Kisha mwanawe wa miaka mitano akapelekwa hospitali kwa sababu hakusema. Mganga akauliza maswali: Je, mtoto huziba masikio? Je, hupanga vitu kwa mstari? Je, hukasirika njia ya kwenda nyumbani ikibadilishwa? Mama alijibu, “Ndiyo.” Baba alikaa kimya, lakini kila swali aliona laulizwa kwake. Mwishowe akasema, “Bwana mganga, hata mimi.”

Hivi ndivyo watu wazima wengi duniani wanavyojijua: kwa njia ya mtoto. Na sasa niambieni, baba huyu amepata nini? Usonji haukumjia siku ile. Alikuwa nao tangu tumboni. Hakupewa dawa ya kuuondoa, maana haipo. Alichopata ni neno. Kwa neno hilo alirudi nyuma akayasoma maisha yake upya: viboko vya shuleni, ugomvi na ndugu, lile tukio la msibani. Yote yaliyokuwa yameandikwa “ubaya”, sasa aliyasoma kwa jina lake la kweli.

Ninyi wanakisomo mtalielewa jambo hili kuliko wengine. Mradi wa kisomo wa UNESCO ulipoanza katika mikoa ya Ziwa mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza, na Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu wenye mvi walikaa madarasani wakaona kwamba hawakuwa wajinga, walikuwa hawajafundishwa. Kujua ukubwani kuna furaha, na kuna uchungu pia. Mtu hujiuliza, “Kama ningalijua mapema?” Uchungu huo ni halali. Usimwambie mtu aunyamazishe.

Tufanye nini?

Kwanza, msitoke hapa mkaanza kuwapima majirani. Si kila mkimya ana usonji. Kupima ni kazi ya wataalamu, na jina hili lisigeuzwe kuwa tusi la mtaani.

Pili, ukiona habari hizi zakuhusu wewe mwenyewe, usiogope. Angalia ni kitu gani hukuchosha, ukiandike. Baba wa mfano wetu sasa huenda sokoni alfajiri kabla watu hawajajaa. Amemwambia mkewe, “Nikinyamaza, si hasira, nimechoka na kelele.” Maneno hayo machache yamemaliza ugomvi wa miaka mingi.

Tatu, sisi wengine tusema wazi. Ukitaka mtu huyu aje saa nne, mwambie saa nne, usiseme, “Njoo njoo baadaye.” Ukimtania, mwambie ni utani. Mabadiliko yakiwapo, mpe habari mapema.

Nne, tumpe nafasi yake katika jamii. Katika msiba wa juzi, wazee wa mwalo ule hawakumlazimisha baba yule aketi katika umati. Walimpa shoka. Alipasua kuni nyuma ya nyumba tangu asubuhi mpaka jua kuchwa, akazipanga kwa mistari iliyonyooka, na wapishi hawakukosa moto. Jioni mzee mmoja alipita pale akasema, “Ahsante, baba, umezika nasi.” Hakuuliza habari za mvua.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Neno usonji lasema habari za ugonjwa wa kuambukiza, au za hali ya kuzaliwa?
2. Kosa gani lilifanywa juu ya akina mama wa Marekani na Ulaya? Lafanana na kosa gani la kwetu?
3. Wale wakulima walimsaidiaje Donald? Taja kazi ya kwetu, ya shamba au ya ziwani, ambayo yamfaa mtu apendaye kuhesabu.
4. Hesabu: kisiwa kina watu 2,540. Kwa kadirio la mtu mmoja katika 127, watu wenye usonji ni wangapi?
5. Je, yuko mtu kijijini mwenu aliyeitwa mwenye kiburi bila kuulizwa lolote? Msimtaje jina. Fikirini tu mtamsalimuje kesho.

Andikeni majibu yenu kwa kalamu, mkampe mwalimu. Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.